Jibini imekatika sufuriani: je, fondyu bila divai inawezekana?

"Mtaalamu, habari za kazi. Juzi nilialika wageni wanne nikataka kuwapikia fondyu, yaani jibini iliyoyeyushwa ya kuchovya mkate. Kwetu hatutumii pombe, kwa hiyo badala ya divai niliweka maji. Niliyachemsha mpaka yakatokota, nikamwaga jibini yote kwa mpigo: Gruyère, Emmental na mozzarella ya pakiti iliyokwisha kuparuzwa. Mwanzoni ilivutika vizuri, halafu ikajikusanya ikawa bonge moja kama mpira, juu yanaelea mafuta ya manjano, chini maji meupemeupe. Nikaongeza moto, nikakoroga mpaka bega likauma, nikanyunyiza na unga wa ngano, madonge yakazidi. Shemeji yangu anasema nilijisumbua bure, divai ndiyo inayoyeyusha jibini na bila pombe hakuna fondyu. Ni kweli? Wageni nao waliniambia nisiwape maji baridi, eti jibini itaganda tumboni. Nataka kujaribu tena, lakini safari hii mezani atakuwepo mwanangu wa miaka 6 na dada yangu ambaye ni mjamzito. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, pole kwa jibini iliyoharibika na kwa aibu ya mbele ya wageni. Nianze na la shemeji, kwa sababu ndilo linaloweza kukukatisha tamaa: hapana, si kweli. Fondyu bila divai ipo, tena ipo Uswisi kwenyewe. Katika jimbo la Fribourg kuna fondyu ya jibini moja tu, Vacherin Fribourgeois, na huipika kwa maji. Haina divai hata kidogo. Wenyewe hawaioni kuwa fondyu pungufu. Wapo wanaoipenda kuliko nyingine zote. Kwa hiyo kosa lako halikuwa kuacha divai. Kosa ni kuiacha bila kujua divai ilikuwa inafanya kazi gani mle sufuriani, ukaiacha kazi hiyo bila mtu wa kuifanya.

Nikisoma maelezo yako naona mambo matatu yaliyokutana: moto ulikuwa mkali mno, maji hayakuwa na uchachu wowote, na mozzarella haikupaswa kuwemo. Unga wa ngano haukuharibu kitu. Ulifika tu wakati mambo yameshaharibika.

Sasa tuone ndani ya jibini kunatokea nini, maana ukishalielewa hili utaacha kubahatisha. Jibini ni mafuta, maji na protini. Protini yake kubwa ni kaseini, nayo imeshikamana kama wavu, na kinachofunga mafundo ya wavu huo ni kalsiamu. Matone ya mafuta na maji yamenaswa katika matundu yake. Unapopasha jibini, mafuta ndiyo yanayotangulia kuyeyuka. Kwenye nyuzijoto 32 hivi za Selsiasi tayari yameanza kulainika. Joto likisogea kuelekea nyuzijoto 60, wavu wenyewe hulegea na jibini hutiririka. Ukizidi kupandisha moto kaseini hubadilika: badala ya kulegea inajikunyata, inajivuta pamoja, na kwa kujivuta inayakamua mafuta na maji yaliyokuwa ndani yake. Hilo bonge ulilolipata ndiyo kaseini iliyojikunyata. Yale manjano ya juu ni mafuta yaliyokamuliwa, na yale meupe ya chini ni maji. Ulipoongeza moto na kukoroga kwa nguvu uliendelea kulikamua.

Hapo ndipo divai inapoingia. Ndani yake mna asidi ya tatariki, ambayo hupenda kushikana na kalsiamu. Inachukua sehemu ya kalsiamu ya jibini, mafundo ya wavu yanapungua, na kaseini iliyoachiwa inazunguka matone ya mafuta na kuyazuia yasikutane. Matokeo yake ni mchuzi mmoja, laini, unaong'aa. Kazi ni ya asidi. Mchango wa kileo chenyewe ni mdogo, na ushahidi mzuri ni kwamba divai nyeupe isiyo chachu huleta matatizo yaleyale uliyoyapata wewe, ingawa pombe imo. Ndiyo maana wapishi wa fondyu huchagua divai kavu na chachu, na wengi bado huongeza maji ya limau juu yake.

Asidi ya sitriki, iliyomo kwenye limau, hushika kalsiamu hata kwa nguvu kuliko ya tatariki. Chumvi yake, sodiamu sitreti, ndiyo iliyowawezesha Waswisi wawili, Walter Gerber na Fritz Stettler wa mji wa Thun, kutengeneza mwaka 1911 jibini ya kusindikwa isiyokatika ikipashwa moto. Zile jibini laini za vipande vilivyofungwa mmojammoja zimetokana na kazi hiyo. Nakutajia kwa sababu nitairudia hapo mbele, itakufaa.

Mlinzi wa pili ni wanga wa mahindi. Naomba tuelewane: nazungumzia ule unga mweupe laini sana unaotumika kuongezea mchuzi uzito, unaolia kidogo ukiufinya kati ya vidole, si unga wa mahindi uliosagwa wa kawaida. Chembe zake zikipata joto huvimba, zinaongeza uzito wa maji na kukaa katikati ya protini zisiweze kushikana upya. Wanga na asidi vikiwepo pamoja, jibini inapata uvumilivu. Inaweza kufika nyuzijoto 75 au 80 kwa muda mfupi bila kukatika. Vikikosekana vyote viwili, kama vilivyokosekana kwako, unatembea ukingoni. Wale wa Fribourg hufaulu na maji matupu kwa sababu vacherin ni jibini laini inayoyeyuka kwa joto dogo, nao hawaiachi ipande zaidi ya nyuzijoto 50 hivi. Gruyère na Emmental haziendi hivyo.

Unga wa ngano nao ungeweza kusaidia, maana una wanga, lakini ungepaswa kuchanganywa na jibini kavu kabla haijagusa sufuria. Ukinyunyizwa juu ya kitu cha moto, kila chembe hulowa kwa nje na kubaki kavu kwa ndani, ndiyo madonge. Isitoshe unataka muda mrefu zaidi motoni ili ladha ya ubichi iishe, na muda mrefu motoni ndicho kitu usichokitaka. Tumia wanga wa mahindi.

Kuhusu jibini za kuchagua, kanuni yangu ni umri. Jibini changa ina kaseini ndefu ambayo haijakatwakatwa, ndiyo maana mozzarella huvutika nyuzi. Nyuzi hizo zinapendeza juu ya piza, lakini kwenye fondyu ni taabu, kwa kuwa hujisokota kwenye mwiko na kuvuta jibini nyingine zote kuelekea kwenye bonge. Jibini iliyokaa miezi kadhaa, vimeng'enya vimeshaikata kaseini vipandevipande, hivyo huyeyuka kwa utulivu. Gruyère huachwa ikomae kwa miezi 5 au zaidi kabla ya kuuzwa, nayo ndiyo nguzo. Mchanganyiko mashuhuri kuliko yote Uswisi unaitwa moitié-moitié, nusu Gruyère nusu Vacherin Fribourgeois. Kule Neuchâtel huchanganya Gruyère na Emmental. Mashariki, Appenzell, hutumia jibini yao ya Appenzeller. Ukivuka kwenda Savoie, Ufaransa, utakuta Comté na Beaufort. Kila mahali wanaamini ya kwao ndiyo yenyewe, nami sioni sababu ya kuwagombanisha. Hata sifa ya fondyu kuwa chakula cha taifa zima la Uswisi imetokana kwa kiasi kikubwa na matangazo ya chama cha wauza jibini cha nchi hiyo, kilichoanza mwaka 1914 na kuvunjwa mwaka 1999, ambacho kilikuwa na jibini ya kuuza. Usijione mkosaji ukibadilisha kitu.

Kwa hiyo Gruyère na Emmental ulizochagua ni nzuri. Iondoe mozzarella, na kama unataka kitu laini zaidi weka Fontina, jibini ya raclette, au Gouda iliyokomaa kiasi. Cheddar inakubalika, lakini huachia mafuta upesi, kwa hiyo isizidi theluthi moja. Parmesan tumia kidogo kama kiungo tu. Ni kavu mno. Feta, halloumi na paneer sahau kabisa: zimetengenezwa kwa namna ambayo joto huzilainisha kidogo au huzikaangia rangi, lakini haziyeyuki, na hakuna hila itakayozilazimisha. Tena paruza mwenyewe. Jibini iliyoparuzwa kiwandani hupakwa unga wa kuizuia isigandamane, na unga huo mara nyingi huacha chengachenga ulimini.

Kwa kuwa umesema hamtumii pombe, nikudokeze na hili: Gruyère ya asili hugandishwa kwa renneti itokayo kwenye tumbo la ndama. Kama familia yenu inazingatia chanzo cha renneti, soma kibandiko au tafuta jibini iliyogandishwa kwa renneti ya mimea au ya vijidudu. Ni afadhali ujue kabla ya kununua kuliko kuulizwa mezani.

Tuje kwenye kimiminika. Kwa watu wanne tunahitaji mililita 350. Divai nyeupe ya kiasi hicho ingekupa takribani gramu mbili hadi mbili na nusu za asidi. Kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kina karibu gramu 0.8, kwa hivyo vijiko vitatu vinakufikisha pale pale, na kwa kuwa sitriki ina nguvu zaidi, viwili vinatosha kwa jibini nyingi. Mimi ningechanganya hivi: mililita 200 za maji, mililita 120 za maji ya tufaha yasiyoongezwa sukari, na vijiko viwili vikubwa vya maji ya limau. Tufaha linaleta harufu ya matunda ambayo divai ingeileta; ukiweka tufaha tupu fondyu itakuwa tamu, si vizuri. Ukipenda ladha nzito, badilisha maji kwa supu nyepesi ya mboga isiyotiwa chumvi. Siki usiitumie badala ya limau. Ni chachu, ndiyo, lakini asidi yake haishikani na kalsiamu kama hizi mbili, na harufu yake hutawala sufuria nzima.

Divai iliyoondolewa pombe inafanya kazi barabara kwa kuwa asidi yake imebaki. Ila nyingi bado zina chembe za pombe, hadi asilimia 0.5, hivyo uamuzi ni wenu. Na kuhusu ule usemi kwamba pombe yote huruka ikipikwa, usiutegemee. Majedwali ya idara ya kilimo ya Marekani yanaonyesha kuwa chakula kilichochemka na pombe kwa robo saa hubaki na takribani asilimia 40 ya pombe hiyo, na fondyu haichemki hata hivyo. Kwa mtoto na mjamzito, uamuzi wako wa kutoweka divai ulikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ipo pia njia ya Waitaliano wa Bonde la Aosta, fonduta: jibini ya Fontina iliyolowekwa kwenye maziwa kwa saa kadhaa, kisha kuyeyushwa taratibu pamoja na viini vya mayai. Viini vina lesithini, inayoshikanisha mafuta na maji. Ni tamu mno, haina pombe, lakini haichemshwi, na viini visivyoiva sawasawa sitaki dada yako avile sasa. Iweke akiba.

Haya, tuingie jikoni. Chukua gramu 800 za jibini, nusu Gruyère na nusu nyingine ya chaguo lako. Itoe kwenye friji nusu saa kabla, kwa sababu jibini ya baridi huuangusha moto wa sufuria halafu wewe unaupandisha kupita kiasi kuufidia. Paruza, weka kwenye bakuli, nyunyiza vijiko vidogo vinne vya wanga wa mahindi, changanya kwa vidole mpaka kila uzi wa jibini upate vumbi jepesi. Sugua ndani ya sufuria nzito kwa punje ya kitunguu saumu iliyokatwa. Mimina kimiminika chako, washa moto wa wastani, na usimame hapo hapo. Unangoja mvuke uanze kupanda na vipovu vidogo vijipange ukingoni. Kabla hayajatokota katikati, punguza moto uwe mdogo.

Sasa tia jibini konzi moja. Koroga kwa mwiko kwa kuchora tarakimu nane au kwenda na kurudi. Usizungushe duara, kwa sababu duara huzisokota protini zote upande mmoja na kukutengenezea kamba. Mwanzoni utaona vipande vinaelea kwenye maji yaliyochafuka, na utadhani imeshindikana. Subiri. Konzi ya kwanza ikipotea tia ya pili, ikipotea ya pili tia ya tatu. Karibu na konzi ya nne au ya tano rangi hubadilika ghafla, maji yanapotea machoni na unabaki na kitu kizito chenye mng'ao, kinachoteremka kwenye mwiko kama utepe mpana na kuzama polepole. Moyo wako utatulia hapo. Kazi yote huchukua dakika kumi hadi kumi na tano. Jibini ikishaisha, iache ipande mpaka utokee mvuke na povu moja moja zito, si zaidi, ili wanga uive. Malizia kwa pilipili manga na kungumanga kidogo. Chumvi usiweke, jibini imeshaleta yake.

Kama unacho kipimajoto, nyuzijoto 75 ni mwisho mzuri. Kama huna, macho yako na povu hilo moja moja vinatosha.

Ikitokea imeanza kukatika tena, yaani unaona vidimbwi vya mafuta ukingoni au jibini inakataa kuachana na mwiko, jambo la kwanza ni kuitoa sufuria motoni, kwanza kabisa, kabla hujafikiri lolote. Koroga kijiko kidogo cha wanga na kijiko kikubwa cha maji ya limau na maji kidogo ya baridi, mimina ndani, kisha rudisha kwenye moto mdogo kabisa na upige kwa mchapo wa waya kwa nguvu. Mara nyingi inarudi. Ikiwa nzito mno, ongeza kimiminika kilichopashwa, kijiko kimoja kimoja. Ikiwa nyepesi, konzi ya jibini iliyochanganywa na wanga. Bonge lililokwisha kuwa mpira kama la juzi halirudi, usipoteze limau lako.

Na kama unataka bima kabisa, hapa ndipo jibini ya kusindikwa ya akina Gerber na Stettler inapokufaa: badilisha gramu 80 hadi 100 za jibini yako kwa hiyo, na chumvi zilizomo zitaishika sufuria nzima. Ladha inapungua kidogo, sikufichi, lakini kwa mtu aliyeshindwa mara ya kwanza mbele ya wageni naona ni biashara nzuri. Anayeweza kupata sodiamu sitreti ya kutumia kwenye chakula, gramu 15 kwa gramu 800 za jibini zinatosha, na hapo hata maji matupu yanafaa na limau linakuwa la ladha tu. Wengine hutia bikaboneti ya soda kwenye ncha ya kisu. Ikikutana na limau huumuka na fondyu inakuwa nyepesi, na sehemu yake hugeuka kuwa sitreti hiyo hiyo. Ikizidi, utaonja sabuni.

Mezani, shida kubwa ni joto lisilo sawa. Chungu cha kufaa ni kizito na kipana, cha udongo uliochomwa au chuma kilichopakwa kauri, kile ambacho Waswisi wanaozungumza Kifaransa hukiita caquelon. Chungu chembamba cha chuma kilichokusudiwa fondyu ya nyama na mafuta huunguza jibini chini huku juu inaganda. Cha udongo kipashe kwanza kwa maji ya moto ndipo umimine, kisije kikapasuka. Chini yake weka mwali mdogo tu, na waambie wageni kila anayechovya afikishe mkate mpaka chini na kuzungusha. Hao ndio wakorogaji wako usiku huo. Watu wakinyamaza na kuacha kuchovya kwa sababu ya mazungumzo, koroga wewe.

Mkate uwe wa jana, wenye ganda gumu, ukatwe ili kila kipande kibaki na ganda lake. Uma uingie upande wa laini na kushika kwenye ganda, hapo haudondoki. Viazi vidogo vilivyochemshwa, vipande vya koliflawa vilivyopitishwa kwenye maji ya moto, uyoga, peasi na tufaha vyote vinakubali, na kachumbari ya matango ya siki pembeni inakata mafuta vizuri sana. Mwishoni chini ya chungu hubaki ukoko wa rangi ya hudhurungi. Usiuoshe! Zima moto, ukwangue, mgawane. Una jina lake, la religieuse, na wengi husubiri huo kuliko fondyu yenyewe.

Sasa mtoto. Jiko la mezani la spiriti ndilo ninaloliogopa kuliko kitu chochote katika habari hii. Mwali wake ni hafifu, kwenye mwanga huonekana kwa shida, watu hudhani umezimika wakaongeza spiriti, na moto hupanda kwenye chupa na kumrukia aliyeketi mbele. Usiongeze spiriti kwenye jiko linalowaka wala lililozimika likiwa bado la moto. Kwa nyumba yenye mtoto ningetumia jiko la umeme la mezani, au angalau lile la spiriti ya mgando (jeli), na dirisha likiwa wazi. Mwanao asichovye chunguni. Mchotee kwenye bakuli dogo, ipoe dakika chache, achovye humo. Jibini ya moto inaganda kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Ikimdondokea mtu, mwagieni maji ya bombani ya baridi kwa dakika 20, bila barafu, bila siagi, bila dawa ya meno, na jibini iliyonata isichunwe kwa nguvu. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, mikononi au kwenye maungio, au ngozi ikitoa malengelenge kwa mtoto mdogo, mpelekeni hospitali usiku huo huo.

Kuhusu maji baridi, wape wageni wanachotaka. Mwaka 2010 watafiti wa Zurich walichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza jaribio walilofanya kwa watu 20 waliokula fondyu, baadhi wakinywa divai au pombe kali, baadhi chai nyeusi au maji. Pombe ndiyo iliyochelewesha tumbo kutoa chakula, na kadiri ilivyozidi ndivyo lilivyochelewa. Tumbo liko karibu na nyuzijoto 37 na lina asidi kali. Glasi ya maji huwa imepata joto la mwili muda mfupi baadaye. Uzito wanaousikia watu ni wa gramu 200 za jibini na mkate juu yake. Chai ya moto isiyo na sukari naipendekeza kwa sababu inapendeza nayo, basi.

Dada yako anaweza kula, kwa masharti. Hofu ni bakteria wa listeria, ambaye mama huenda asimsikie sana lakini humdhuru mtoto aliye tumboni. Chagua jibini ngumu, ikiwezekana ya maziwa yaliyopasteshwa, toa maganda yote, na hakikisha fondyu imefika ule mvuke wa nyuzijoto 75 kabla ya kuja mezani. Ile ya Fribourg ya nyuzijoto 50 asiile sasa. Akipata homa, maumivu ya mwili au kuhara siku au hata wiki kadhaa baada ya mlo, au akihisi mtoto amepunguza kucheza, asisubiri. Aende kliniki na aseme alikula jibini.

Uliza pia wageni wako swali moja ambalo wengi hawaliulizi: nani anatumia dawa? Jibini zilizokomaa zina kemikali iitwayo tiramini kwa wingi. Kwa anayetumia dawa za mfadhaiko za kundi la vizuizi vya MAO (MAOI), kama fenelzini, tiramini inaweza kupandisha shinikizo la damu kwa kiwango cha hatari, na huyo asionje hata kidogo. Linezolidi na isoniazidi, zinazotumika kutibu kifua kikuu, nazo zinaweza kuleta mapigo ya moyo ya haraka, uso kuwaka moto na kichwa kugonga baada ya jibini ya aina hii. Mwenye dawa hizo azungumze kwanza na daktari au mfamasia wake, na akipata dalili hizo mezani, ni hospitali moja kwa moja. Anayesumbuliwa na laktosi (sukari ya maziwa) tu hana haja ya kuogopa Gruyère iliyokomaa, imebaki na laktosi kidogo mno. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine, mpikie kitu tofauti kabisa na uma wake usiingie kwenye chungu.